Tukiongeza baruti, mshipa utatoka vizuri zaidi?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye mgodi mdogo wa dhahabu wenye leseni, huku wilaya ya Busia, Uganda. Mshipa wetu una unene wa sentimita 30 hadi 50, na umelala kwa digrii kama 70. Tunatoboa kwa jakihama ya mguu (mashine ya hewa ya kutoboa mwamba), biti ya milimita 38, tundu la mita 1.8, na tunatumia fataki (viwashio vya baruti) za mrija, zenye namba za kupishanisha muda. Kwenye handaki la upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 2 tunasonga mita 1.2 tu kila tukilipua. Sehemu iliyobaki ya matundu haivunjiki, inabaki vishina. Kule tunakovuna mshipa wenyewe ndiko kuna taabu zaidi: tunajikuta tumefungua upana wa mita 1.6, na mawe tupu yanajaa kinuni. Bosi anasema mwamba ni mgumu, tuongeze baruti, na anataka kununua fataki za kielektroniki. Mlipuaji wetu mwenye cheti anasita. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, mlipuaji wenu ana haki ya kusita. Msiongeze baruti. Mna shida mbili tofauti, na zote mbili zingezidi mkiongeza. Kwenye mshipa mngebomoa kuta ambazo tayari zinawatia hasara, na kwenye handaki mngegandisha mwamba palepale mnapojaribu kuufungua. Kinachowatesa ni matundu: yanaanzia wapi, yanaelekea wapi, yanaishia wapi.

Nianze na mshipa, kwa sababu huko ndiko pesa inakopotelea. Chukua mfano wa mshipa wa sentimita 40 wenye dhahabu gramu 15 kwa tani (nimeutunga kwa ajili ya hesabu, wenu pimeni). Kila mita moja ya mraba ya mshipa huo ina dhahabu ya gramu 16 hivi. Mkifungua mita 1.0, mtapandisha juu tani 2.7 za mawe ili kupata gramu hizo 16, na mawe yatakayofika kinuni yatakuwa na gramu 6 kwa tani. Mkifungua mita 1.6, gramu ni zilezile 16, ila sasa mmepandisha tani 4.3, na kinu kinapokea mawe ya gramu 3.75. Dhahabu haijaongezeka hata punje. Mafuta ya jenereta yameongezeka, jasho la wavuta ndoo limeongezeka, mipira ya kinu imelika, na maji ya kusafishia yamebeba kiasi kingine cha dhahabu kwenda kwenye mabaki, maana kadiri mawe yanavyokuwa mengi na maskini ndivyo inayoponyoka inavyokuwa nyingi.

Hapa kuna mtego, na nadhani bosi wenu ameshauingia. Akifungua daftari la stoo akagawa kilo za baruti kwa tani zilizotoka, ataona kuta zikiporomoka hesabu inakuwa nzuri! Tani ni nyingi, baruti kwa kila tani ni kidogo, kila mtu anapongezwa. Kipimo hicho ni cha machimbo ya kokoto, ambako kila jiwe linauzwa. Kwenye mshipa mwembamba andikeni kilo za baruti na mita za kutoboa kwa kila mita ya mraba ya mshipa uliovunwa, na kando yake upana halisi uliobaki baada ya kusafisha. Namba hizo zikishuka, mnapata faida. Tani zikipanda peke yake, ulizeni zimetoka ukuta gani.

Sasa hiyo mita 1.6 imetoka wapi? Mtu mwenye jakihama ya mguu anahitaji kama mita moja ili afanye kazi bila kujibana na kuharibu pembe ya tundu. Kwa mshipa wa sentimita 40 basi, sentimita 60 za mawe tupu ni gharama mliyoikubali tangu mlipochagua mashine hiyo. Zilizobaki, sentimita 60 nyingine, hakuna aliyezipanga. Hizo ndizo za kuwinda.

Kwa mshipa uliosimama wa aina yenu, wengi hutoboa kwenda juu wakiwa wamesimama juu ya kifusi. Mtobozi aliyechoka, kwenye vumbi na taa hafifu, hunyoosha mashine wima kwa sababu wima ndiyo pembe mwili unayoijua. Lakini mshipa wenu hausimami wima, umelala kwa digrii 70. Tofauti ya digrii 20 kwenye tundu la mita 1.8 inaupeleka mwisho wa tundu sentimita 65 nje ya mstari. Rudia kusoma hapo: mdomo wa tundu uko katikati ya mshipa, mwisho wake uko ndani kabisa ya ukuta, na baruti yote ya kule mwisho inavunja ukuta. Mlinganishe hizo sentimita 65 na zile 60 mnazozitafuta. Sisemi kila tundu lenu limepinda hivyo, ila machache tu kwa kila zamu yanatosha kufungua ukuta wa juu (ule ulioinamia juu ya mshipa), na ukuta wa juu ukishaanza kulegea hauhitaji tena baruti kuanguka.

Dawa yake ni kibao. Mwambieni seremala akate ubao wenye pembe ya digrii 70, autundikie uzi wenye timazi, na mtobozi aulaze juu ya rodi kabla ya kufungua hewa kwa nguvu, halafu tena tundu likifika sentimita 30. Baada ya hapo tundu limeshajishika, haliwezi tena kurekebishwa. Simu yenye programu ya kupima mwinamo inafanya kazi hiyohiyo, na vijana wanaipenda zaidi kuliko ubao, lakini iwe wakati wa kuchora na kutoboa tu. Baruti na fataki zikiingia, simu zinatoka. Na kwa kuwa mishipa ya Busia, iliyo kwenye mkanda uleule wa miamba ya kale unaoelekea Kakamega ng'ambo ya mpaka, mara nyingi imefuata nyufa zilizosukumana, msiamini kuwa digrii 70 za mwezi uliopita ni digrii 70 za leo. Pimeni mwinamo wa mshipa kila mnaposafisha uso, kisha mkate kibao kingine kama umebadilika.

Pembe ikishakaa sawa, njooni kwenye mpangilio. Kwa upana wa mita moja, safu mbili za zigizaga zinatosha: tundu moja upande wa ukuta wa chini, linalofuata upande wa ukuta wa juu, mbele kidogo, kisha lirudi. Kutoka tundu moja hadi uso ulio wazi mbele yake, anzeni na sentimita 50 hadi 60 na muongeze au kupunguza kulingana na mnachokiona. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuweka tundu juu kabisa ya mstari ambapo mshipa unagusana na ukuta, mtu akidhani ndivyo mshipa utakavyobanduka safi. Tundu la hapo linavunja pande zote mbili sawasawa, na nusu ya nguvu yake ni mali ya ukuta. Rudini ndani sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mstari mnaoutaka. Mwamba utavunjika wenyewe hadi kwenye mgusano, hasa kama pana utando wa udongo au ufa kati ya mshipa na ukuta.

Kuhusu biti, milimita 38 ni kubwa kwa kazi hii. Tundu la milimita 38 linameza baruti karibu mara 1.4 ya tundu la milimita 32 kwa kila mita. Kwenye handaki pana nafasi ya kutumia nguvu hiyo. Kwenye upana wa mita moja, tundu likiwa shubiri moja tu kutoka ukutani, hakuna. Biti ya 32 inatoboa haraka zaidi kwa hewa ileile, na kama kompresa yenu ni ya wasiwasi hilo peke yake litawafurahisha. Angalizo ni kwamba anfo ya kumwaga (baruti ya chembechembe isiyofungwa) huanza kuzembea tundu likiwa jembamba, kwa hiyo kwenye matundu ya 32 heri mtumie baruti ya vijiti iliyofungwa kiwandani.

Vijiti hivyo vina faida nyingine. Kwa yale matundu ya upande wa ukuta, tumieni vijiti vyembamba kuliko tundu, na msivikandamize vikajaza tundu lote. Hewa inayobaki kati ya kijiti na mwamba hupunguza makali ya pigo la kwanza, lile linaloponda ukuta na kuutia nyufa. Wengi hukandamiza kwa mazoea, wakiamini nafasi tupu ni uvivu wa mjazaji. Kwenye tundu la ukutani, nafasi hiyo ndiyo kinga ya ukuta. Mtajuaje kama imefaa? Baada ya kuangusha mawe yaliyolegea, mulikeni ukuta kwa taa kutoka pembeni. Ukiona mifereji nusu ya matundu imebaki imechorwa kwenye mwamba, laini, kama bomba lililopasuliwa katikati, ukuta umenusurika. Hesabuni urefu wa mifereji hiyo dhidi ya urefu wa matundu ya ukutani mliyotoboa, muandike. Kwenye mwamba mgumu mkikosa kabisa mfereji hata mmoja, baruti ya ukutani imezidi au tundu limepinda. Kwenye mwamba uliochanikachanika kipimo hiki hakitawasaidia sana, msikatishwe tamaa nacho.

Mshipa ukipungua hadi sentimita 30 au chini yake, mimi ningeacha kabisa kulipua upana wote kwa mkupuo mmoja. Kuna njia ya zamani ya kuchuna: mnalipua mawe tupu ya upande mmoja kwanza, kwa kawaida ukuta wa chini, mnayaacha palepale yawe sakafu ya kusimamia, halafu mnatandika mbao au mikanda mikuukuu ya mpira juu yake na kulipua mshipa peke yake kwa matundu machache yenye baruti kidogo. Mshipa unaanguka juu ya mbao, unazolewa safi, na mawe tupu hayapandi juu kamwe. Ni kazi ya milipuko miwili badala ya mmoja, kwa hiyo kasi inapungua, na mlipuaji analalamika. Kwa dhahabu ya gramu 15 mahesabu mara nyingi yanakubali. Kwa gramu 4 yanaweza kukataa. Pia inategemea ukuta. Kule Kigezi, kwenye mishipa ya wolfram (madini ya tungsteni) iliyomo ndani ya miamba myeusi ya grafaiti yenye tabaka, ukuta huchanika kama magamba hata usipoguswa, na uchunaji wa kistaarabu unakuwa ndoto. Miamba ya kijani ya upande wenu kwa kawaida ni migumu zaidi. Jaribuni mahali pamoja, si mgodi mzima.

Kabla sijaondoka kwenye mshipa, neno kuhusu unga. Mlipuko mkali kupita kiasi unasaga mshipa, na dhahabu ya kwenye kwatzi na madini ya salfaidi hupenda kukaa palepale panapovunjika kirahisi, kwa hiyo inaishia kwenye vumbi na vipande vidogo. Vipande hivyo vinazama kwenye nyufa za sakafu na katikati ya kifusi. Mgodi ambao hawafagii sakafu unawaachia wengine riziki. Nimewahi kuona vijana wakipewa ruhusa ya kufagia sehemu iliyokwisha "kuvunwa", na nyuso zao siku ya kuuza zilieleza yote. Ndoo, fagio la waya, na mtu mmoja mwenye subira. Lakini afagie baada ya mawe ya juu kuangushwa na mahali kukaguliwa, si kabla.

Twende kwenye handaki. Uliponiambia bosi anasema mwamba ni mgumu nilitabasamu kidogo, kwa sababu kila handaki linalobakiza vishina husingiziwa ugumu wa mwamba. Walipuaji wengi wazuri nchini walijifunzia kazi kwenye machimbo ya kokoto, au kwenye miradi mikubwa kama mahandaki ya bwawa la Karuma. Ni shule nzuri. Ila handaki pana lina nafasi, mwamba unaovunjika una pa kwenda, na kilo moja hadi moja na nusu ya baruti kwa mita ya ujazo hutosha. Handaki lenu lina mita za mraba 3.6. Kwenye uso mdogo hivyo mwamba umebanwa pande zote, na matumizi ya kilo zaidi ya 2 kwa mita ya ujazo ni ya kawaida kabisa, bila mtu yeyote kuwa amefuja. Kwa hiyo msishtuke mkilinganishwa na Karuma, wala msiige michoro yao. Mfano mmoja tu: matundu ya kufungulia (yale yanayolipuka kwanza ili mengine yapate pa kusukumia) yanayokutana kwa umbo la kabari yanahitaji upana ili mtobozi alaze mashine. Kwenye mita 1.8 mtapata kina cha chini ya mita moja tu kwa mtindo huo. Nyinyi mnahitaji matundu ya kufungulia yaliyonyooka sambamba, yakizunguka matundu matupu yasiyojazwa baruti.

Na hapa ndipo vishina vyenu vinapozaliwa, nina hakika kwa kiasi kikubwa. Mwamba ukivunjika unavimba. Kifusi huchukua nafasi ya nusu zaidi au hata kupita hapo kuliko mwamba mzima. Tundu la kwanza likilipuka, vipande vyake vinahitaji tundu tupu la kuingilia na kutokea. Tundu moja tupu la milimita 38 lina eneo la sentimita za mraba 11, ambalo ni kama hakuna kitu. Kanuni inayotumika sana inasema tundu la kwanza lenye baruti likae umbali wa mara 1.5 ya kipenyo cha tundu tupu, kutoka kati hadi kati. Kwa tundu tupu la 38 hiyo ni milimita 57. Nani atatoboa matundu mawili ya mita 1.8 kwa mkono, yakitenganishwa na milimita 57, yasigongane? Kosa la digrii 2 tu linahamisha mwisho wa tundu milimita 63. Ama mtayaunganisha, ama yatatengana mno, na baruti ya kule mwisho haina pa kusukumia. Mwanzo wa tundu unafunguka, mwisho unabaki. Mita 1.2 zinatoka, sentimita 60 zinabaki vishina. Umeona inavyolingana na mnachokipata?

Toboeni matundu manne matupu ya milimita 38, karibukaribu. Kwa pamoja yanafanya kazi ya tundu moja la milimita 76, na umbali wa tundu la kwanza unakuwa kama milimita 114, ambao mtu mwangalifu anaweza kuutoboa. Bora zaidi, nunueni biti moja ya kupanulia, mtoboe tundu dogo la kuongozea kisha mlipanue. Jakihama ya mguu inaliweza, polepole. Uso kama huo hutobolewa kama matundu 25, kwa hiyo kuongeza matatu yasiyokula baruti juu ya lile moja tupu si mzigo. Yatoboeni kwa kina kidogo kupita mengine, sentimita 10 hivi.

Usambamba unapatikana kwa vijiti vya mianzi. Tundu la kwanza likikamilika, chomekeni ndani yake mwanzi mrefu ulionyooka, na ubaki umetokeza mita nzima. Mtobozi wa tundu la pili analinganisha rodi yake na mwanzi huo, msaidizi akiangalia kutoka juu na kutoka pembeni. Chorani uso kwa rangi kabla ya kutoboa, kila mara, kwa kibao chenye matundu yaliyokwisha kutobolewa kama kiolezo cha sehemu ya kufungulia. Nimeona watobozi wenye uzoefu mkubwa wakikataa kiolezo kwa kuona wanadharauliwa. Msibishane nao, pimeni vishina baada ya mlipuko mkiwa nao, mwenye kiolezo na asiye nacho, futi ya chuma itaamua.

Jambo la pili kwenye kufungulia ni muda. Angalieni boksi la fataki zenu za mrija mara moja: namba moja hadi nyingine zimepishana milisekunde ngapi? Stoo nyingi zina zile za kupishana milisekunde 25, kwa sababu wateja wakubwa ni machimbo ya kokoto. Mwamba wa kwenye matundu ya kufungulia hutoka kwa kasi ya mita 40 hadi 70 kwa sekunde. Chukua 50: katika milisekunde 25 umesafiri mita 1.25, yaani bado uko ndani ya tundu la mita 1.8 wakati jirani yake analipuka na kuusindilia tena. Matundu ya kufungulia yanataka mapishano ya milisekunde 75 hadi 100 kwa uchache. Kama fataki zenu ni za 25, mwambieni mlipuaji aruke namba. Kama duka lina zile za mahandaki zenye mapishano marefu, nunueni hizo, na zile za 25 mzitumie kule kwenye mshipa.

Sasa utaona kwa nini nimekataa kuongeza baruti. Nafasi ikiwa finyu na muda ukiwa mfupi, baruti zaidi inasaga mwamba kuwa unga na kuubana upya ndani ya tundu tupu, ukaganda kama saruji. Pigo la tundu moja linaweza pia kuibana baruti ya tundu jirani kiasi kwamba ikifika zamu yake inalipuka vibaya au hailipuki kabisa. Baruti isiyolipuka ndani ya kishina ndiyo inayoua watobozi. Kwa hiyo sheria mbili ambazo hazina mjadala hapo kwenu. Hakuna kutoboa ndani ya kishina wala kukiegemeza biti, hata kikionekana kitupu; kisafisheni kwa maji, kikaguliwe na mlipuaji, kiwekewe alama ya rangi. Na hamisheni sehemu ya kufungulia kila mlipuko, leo kushoto, kesho kulia, ili matundu mapya yasiangukie vishina vya zamani.

Mengine nayapitia haraka. Zibeni midomo ya matundu kwa mchanganyiko wa udongo na mchanga, si kwa karatasi za boksi; gesi ikiwahi kutoka mdomoni imeondoka na nguvu mliyoilipia. Mashimo ya Busia yana maji, na anfo ikilowa haifanyi kazi vizuri na inatoa moshi wa rangi ya kahawia nyekundu wenye sumu. Pulizeni matundu kwa hewa, na yanayovuja yajazwe baruti ya vijiti isiyopenya maji. Matundu ya chini kabisa ya handaki ndiyo huwa na maji na ndiyo hubeba kifusi chote, kwa hiyo hapo msibanie. Nyumba za jirani zikiwa karibu, gawanyeni matundu kwenye namba nyingi ili yasilipuke mengi kwa wakati mmoja. Na leseni ya madini chini ya sheria ya madini ya Uganda ya mwaka 2022 si kibali cha baruti. Vibali vya kununua, kubeba, kuhifadhi na kulipua vinajitegemea, na baruti ya mlango wa nyuma msiiguse hata bei ikiwa nusu.

Kwenye gesi sipiti haraka. Handaki lenu lina mlango mmoja tu. Baada ya mlipuko linabaki na kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na moshi ukishaonekana umekwisha watu hudhani hewa ni safi. Dakika 30 za kupuliza hewa kwa feni na bomba linalofika karibu na uso ndizo za chini kabisa, na hata baada ya hizo mtangulizi aingie na kipima gesi mkononi. Kuachia hewa ya kompresa kwenye mpira wa jakihama si mzunguko wa hewa. Na pampu ya petroli isishushwe chini hata siku moja, mafuriko au la.

Mkianza kubadilisha, msibadilishe vyote pamoja. Kwenye handaki anzeni na matundu manne matupu na mianzi, baruti ileile, namba zilezile. Pimeni vishina kila mlipuko. Vikipungua lakini vikabaki, guseni muda. Handaki lililotobolewa vizuri linapaswa kutoa asilimia 90 hadi 95 ya kina, kwenu mita 1.6 hadi 1.7. Kwenye mshipa anzeni na kibao cha pembe peke yake, mpime upana kila mita 2 kwa futi, kisha matundu ya ukutani, kisha biti ya 32. Daftari moja la shule, msimamizi mmoja wa kuandika, mwandiko unaosomeka. Mlipuaji aweke sahihi kila ukurasa, maana yeye ndiye mwenye cheti na ndiye atakayeulizwa.

Bosi na fataki zake za kielektroniki: ni vifaa vizuri, usahihi wake ni wa milisekunde moja hivi, na zile za mrija hupotoka zaidi ya hapo. Lakini tundu lililopotea sentimita 65 haliokolewi na milisekunde. Mwombe asubiri hadi daftari lionyeshe handaki linatoa mita 1.6 mfululizo na upana kwenye mshipa hauzidi mita 1.1. Kwa sasa fedha hiyo itoshe biti ya kupanulia, biti chache za 32, bomba la feni la kufika mbele, na kipima gesi. Mkibaki na chenji, fagio la waya.